Niliizima antivairasi mimi mwenyewe

Wacha nianze na aibu ndio mjue naongea kama mtu ameshachomeka, sio kama mtu wa kusoma tu. Antivairasi haikushindwa siku ile. Ilipiga kelele, ikaonyesha nyekundu, na mimi nikaizima kwa mkono wangu juu kuna faili ya maandishi iliniambia nizime. Ukiifikiria ni kama mwizi amekuja mlangoni akakuambia funga mbwa kwanza, na wewe ukaenda ukafunga mbwa.

Ilikuwa Februari 2020. Saiba yetu iko Umoja, si mbali na soko la Mutindwa, kompyuta nane na printa mbili, ile ya rangi ikiamua kukwama imekwama. Mimi si mwenyewe, mimi ni wa kaunta, ritani za KRA, eCitizen, CV, fotokopi, na hasa eulogi, hizo ndio zilikuwa zinatulipia rent. Jumatano jioni mama mmoja akaingia na kijana wake, wamefiwa na mzee, mazishi ni Jumamosi ushago, wanataka kitabu cha eulogi nakala mia mbili na wanatoka Nairobi Ijumaa asubuhi. Mama amebeba albamu imefungwa na leso, kijana ana flashi. Ile albamu tulikaa nayo na mama tukichagua picha, nikaskani moja moja nikamrudishia. Flashi nikaichomeka kwa mashine ya dizaini, ndani kulikuwa na picha za simu na video, kijana akaniambia amezitoa zote kwa simu juu memori ilikuwa imejaa, kwa hivyo hapo ndipo ziko tu. Hio sentensi niliisikia na masikio lakini haikuingia.

Sasa programu ya kuediti picha kwa hio mashine, muda wake wa majaribio ulikuwa umeisha. Boss alikuwa amesema ataona hio story mwisho wa mwezi. Mimi nina eulogi ya kesho. Nikaingia intaneti nikatafuta kraki, yaani kitu cha kuvunja kufuli ya programu uitumie bila kulipa, na hapa sitajifanya, nilikuwa nimefanya hivo mara nyingi na nikajiona mtaalamu. Nikapata zip, ina paswedi 1234, ndani kuna faili mbili, moja ya kuendesha na moja ya maandishi yenye maagizo. Agizo la kwanza, zima antivairasi. La pili, endesha kama administrator. Antivairasi ilikuwa tayari imeilalamikia, nikajiambia ile kitu kila mtu wa saiba hujiambia, "hizi kraki huonyesha hivo tu." Na ujue kuna ukweli hapo, kraki nyingine kweli huonyeshwa nyekundu kwa sababu tu ni kraki, lakini hio ndio inafanya ziwe mahali pazuri pa kuficha kitu, mtu ameshazoea kupuuza kengele.

Nikabonyeza. Programu haikufunguka. Ikatokea windo ya Windows inaapdeti, ina asilimia zinapanda polepole, ikasema usizime kompyuta. Nikasema sawa, wacha iapdeti, nikatoka kununua chai na mandazi. Baadaye nilikuja kujua hio windo ilikuwa feki, kazi yake ni kukufanya usishangae diski ikiwa bize. Nilirudi nikapata ikoni zote zimekuwa nyeupe. Kila faili imeongezwa mkia wa herufi nne sijawahi kuziona, na kila folda imewekwa faili moja inaitwa _readme.txt. Ati mafaili yako yamefungwa, kuyafungua ni dola 980, lakini ukiongea ndani ya masaa 72 utapunguziwa nusu, 490. Wakati huo dola ilikuwa kama bob mia moja, kwa hivyo elfu arobaini na tisa, kwa saiba ya kuprinti kurasa ya bob kumi. Na flashi ya yule kijana bado ilikuwa imechomekwa. Nayo ilikuwa imeliwa yote.

Kitu nilifanya baadaye ndio kimenisumbua kuliko hata hio hasara. Kijana alipokuja Alhamisi nilimwambia, "Boss wangu, pole, flashi yako ilikuja na virusi, imetuharibia mashine." Nilisema bila kupepesa. Na aliamini, juu flashi za watu Nairobi kweli zina virusi, kama ile ya shotikati inayoficha folda za mtu, hio ndio sababu uongo huo ni mtamu. Akaniomba msamaha. Yeye ndio aliniomba mimi msamaha. Mama hakusema kitu, alitoa tu albamu tena kwa leso. Tuliskani upya kwa mashine ingine hadi saa nne usiku, eulogi ikatoka, lakini zile za simu, miaka ya mwisho ya mzee, hazikuwa.

Mwezi uliofuata korona ikaingia, tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni kila mtu ndani, na saiba ikawa kama kanisa siku ya Jumanne. Boss alikuwa amefomati ile mashine lakini mimi nilikuwa nimekopi folda za flashi ya kijana kwa hard disk moja nzee nikaiweka drowa. Sina wateja, nina intaneti, nina dhamira inayouma, basi nikaanza kutafuta dawa.

Nikajua jina la huyo mdudu, STOP, wengine wanamuita Djvu. Nikajua kuna kampuni inaitwa Emsisoft ilitoa programu ya kufungulia mafaili yake Oktoba 2019, bure kabisa. Lakini ukitafuta hio kitu kwa intaneti unapata programu za kufungulia kama ishirini, kila moja inasema ni yenyewe, kila moja ni .exe, yaani programu ya kuendeshwa, na nusu yazo zinakuambia nini? Zima antivairasi kwanza. Nikacheka peke yangu pale kaunta. Na Juni mwaka huo ikatoka habari kwamba kuna moja ya hizo inajifanya kufungulia STOP kumbe ni mdudu mwingine, wakamuita Zorab, unampatia mafaili yako yaliyofungwa anayafunga mara ya pili. Hebu fikiria roho ya mtu ameketi chini akasema wacha nitafute wale wameshaibiwa niwaibie tena.

Basi hio ndio shule yangu ilianzia. Sikuwa nauliza tena kama antivairasi imesema safi. Nilikuwa nauliza hii faili imetoka mkono wa nani, na nitajuaje.

Cha kwanza niliacha kubonyeza matokeo ya juu ya utafutaji, hapo juu mtu yeyote analipia tangazo. Niliandika anwani mwenyewe kwa kibodi, nomoreransom.org, tovuti ya kusaidia watu waliofungiwa mafaili, hio iliwekwa 2016 na polisi wa Uholanzi pamoja na Europol, shirika la polisi la Ulaya, na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, na kutoka hapo ndio nikafuata linki ya kwenda kwa programu. Inaonekana ni kitu kidogo lakini nadhani hio peke yake inakuokoa mara nyingi kuliko zingine zote, na haitaki ujuzi wowote, inataka tu usiwe na haraka. Mimi siku ya eulogi nilikuwa na haraka.

Halafu kabla ya kuiendesha nikaibonyeza na mausi upande wa kulia, Properties, nikatafuta tabu ya Digital Signatures. Ilikuwepo, na jina la kampuni lilikuwa lile nililotarajia, na ukifungua ndani inakuambia saini iko sawa. Maana yake ni kwamba aliyeitengeneza ameweka muhuri, na mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya faili muhuri unavunjika. Faili nyingi nzuri za watu wadogo hazina saini, kwa hivyo kukosa saini sio ushahidi kwamba ni mbaya. Lakini kitu kinachodai kimetoka kwa kampuni kubwa na hakina muhuri wao, hapo simama.

Kuna ingine nilijifunza wakati huo nikaipenda sana hadi nikawa naifanya hata bila sababu. Unafungua ile windo nyeusi ya kuandika amri, Command Prompt, unaandika certutil -hashfile, halafu jina la faili, halafu SHA256. Inakutolea mstari wa herufi na namba 64. Hio ni kama alama ya kidole ya faili, badilisha nukta moja ndani na mstari wote unakuwa mwingine kabisa. Wale wanaotoa programu wakiwa waungwana wanauweka huo mstari kwa ukurasa wao, unalinganisha. Mimi naangalia herufi sita za mwanzo na sita za mwisho, nikiwa na wasiwasi naangalia zote. Sasa usidanganyike, ikilingana inakuambia tu kwamba ulichopata ndicho walichotoa. Haikuambii walichotoa ni kisafi. 2017 CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, toleo la 5.33 lilitoka kwa wenyewe, saini halali, kila kitu sawa, na ndani wadukuzi walikuwa wameshaweka mdudu wao, watu zaidi ya milioni mbili wakaidaunlodi. Kwa hio kama unatafuta uhakika wa asilimia mia, hakuna, mimi nimeshaacha kuutafuta.

Ule mstari wa 64 una kazi ingine na hii watu wengi hawaijui. Kuna VirusTotal, ilianza Uhispania 2004, Google wakainunua 2012, unaipa faili inaipitisha kwa antivairasi zaidi ya sabini kwa mpigo. Lakini si lazima uipe faili. Unabandika tu ule mstari kwa sehemu ya kutafuta, na kama kuna mtu mahali popote ameshaileta hio faili, unapata matokeo yake. Kwa mtu wa saiba hii ni kubwa, kwa sababu ukipandisha faili yenyewe kule, kuna watafiti na kampuni zinalipia wanaweza kuidaunlodi. Sasa wewe pandisha fomu ya mteja ina kitambulisho, PIN ya KRA na namba ya simu. Kenya tuna sheria ya kulinda data toka 2019, na hata kama sheria haingekuwepo, si adabu. Programu, pandisha. Karatasi za mtu, tumia alama ya kidole tu.

Na matokeo yenyewe usome kama binadamu. Moja au mbili kati ya sabini zikisema nyekundu, tena kwa jina la kubahatisha kama Generic, inaweza kuwa ni woga wao. Arobaini zikisema nyekundu, na kadhaa zinataja ukoo mmoja wa mdudu kwa jina, hapo hakuna cha "huonyesha hivo tu." Sifuri nayo sio cheti. Angalia tarehe ya mara ya kwanza kuonekana, kama ni leo asubuhi basi sifuri inamaanisha hawajaijua bado, ni mtoto amezaliwa leo hawezi kuwa na rekodi polisi. Kitu cha kunisikitisha, ile kraki yangu nilikuwa na historia ya kudaunlodi, nikaipata tena kwa flashi yangu, zip yenyewe. Paswedi 1234 haikuwa ya kunilinda mimi, ilikuwa ya kuizuia antivairasi isichungulie ndani. Nikatoa alama ya kidole ya ile iliyokuwa ndani, bila kuiendesha, nikabandika. Sitawaambia ilikuwa ngapi, ilikuwa nyekundu kutoka juu mpaka chini, na ilikuwa imeshaonekana siku kadhaa kabla mimi sijaigusa. Dakika moja ya kuuliza. Chai na mandazi zilinichukua zaidi.

Basi ile programu halali ya Emsisoft nikaiendesha, kwa kompyuta nzee nimeitoa vitu vyote vya maana, diski ya kijana nimeikopi mara ya pili kwanza. Ikazunguka, halafu ikaniandikia kwamba ufunguo uliotumika ulitoka kwa seva ya wezi na haiwezekani kufungua. Kumbe huyo mdudu akikosa kuongea na kwao anatumia ufunguo wa akiba, na ule wa akiba watu wakishaupata unafungulia wengi. Akiongea na kwao unapewa ufunguo wako peke yako. Kwetu neti hupotea kila siku, wateja wanatutukana, na siku hio moja neti ilikuwa imesimama imara kama nguzo ya stima.

Nikarudisha diski kwa drowa.

Saiba ikarudi polepole na mimi nikawa mtu wa kukera. Kuna msichana alikuja na barua ya kazi ya Qatar ametumiwa WhatsApp, anataka kuprinti. Kwa skrini inaonekana ina alama nyekundu ya PDF na jina linaishia pdf. Windows ikitoka dukani huwa inaficha mkia wa jina, mashine zetu nimeshaziwasha zote zionyeshe, View halafu File name extensions, na mkia ukatokea, .pdf.exe. Hio alama ya PDF ni picha tu, mtu anaweza kuvalisha faili picha yoyote. Nikamfungulia kwa Notepad aone na macho yake, maana Notepad haiendeshi kitu, inasoma tu. PDF ya kweli inaanza na %PDF. Yake ilianza na MZ, herufi za jina la injinia mmoja wa Microsoft wa zamani, Mark Zbikowski, na chini kidogo kati ya takataka kuna sentensi moja inasomeka vizuri kabisa, "This program cannot be run in DOS mode." DOS ni mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Nikamuuliza, barua ya kazi inaongea kuhusu DOS kwa nini? Alinikasirikia mimi, ati namfungia riziki, akaenda saiba ya ng'ambo. Namuelewa. Mtu akiwa anangoja kazi hataki kusikia MZ.

Sasa turudi kwa drowa. 2021 nikiwa nasoma tu nikakutana na kitu, kwamba huyo STOP ili akimbie haraka hafungi faili yote, anafunga kilobaiti 150 za mwanzo tu. Picha ndogo inaisha yote hapo. Lakini video ya megabaiti themanini, kilobaiti 150 ni nini? Ni kama kurarua kona ya gazeti. Na kuna programu ndogo ya kurekebisha video za aina hio, inataka kitu kimoja tu, uipe video nzima nyingine iliyopigwa na simu ileile, ndio ijue simu hio hupanga vitu vyake vipi. Niliikagua hio programu kuliko nilivyowahi kukagua kitu maishani, saini, alama ya kidole, ukurasa wa mwenyewe, kompyuta nzee bila neti.

Halafu ikabidi nimpigie yule kijana nimuulize kama bado ana ile simu. Alikuwa nayo, kioo kimepasuka, iko chini ya kitanda, inawaka ikiwa kwa chaja tu. Akaileta Jumamosi na mama yake wakaja pamoja. Kabla ya chochote nikawaambia. Nikasema, flashi yenu haikuwa na virusi, ni mimi, nilitaka programu ya bure. Kijana aliniangalia muda mrefu hivi. Mama akasema, "Sasa si ungesema tu, kijana yangu." Kwa ile sauti yao, ambayo ni afadhali angepiga kofi.

Tukapiga video ya ukuta wa saiba kwa ile simu, sekunde kumi, nikaipa ile programu. Video tatu kati ya tano zikafunguka. Moja ni mzee amekaa nje kwa stuli anapukuchua mahindi, hajui anapigwa video, halafu anajua. Mwanzo umekatika kidogo, inaanza katikati ya neno, anasema "...weka hio kitu chini uje usaidie." Mama alivaa hedifoni akaangalia, akasema rudisha, nikarudisha, akasema rudisha tena. Watu walikuwa kwa laini wanangoja printa na sikuwaambia kitu.

Kijana akatoa flashi mfukoni ya kubebea, mpya, bado ina kamba. Nikanyoosha mkono. Akaizuia kidogo akaniambia, "Iskani kwanza."

Nikaiskani. Ilikuwa na ile virusi ya shotikati.